Taa ya Tairi za Job

Shemeji yangu Opicho alifika mtaani kwetu Umoja Jumamosi asubuhi kuchukua gari la marehemu mume wangu. Hakusema kuchukua; alisema kulirudisha nyumbani Bungoma, kana kwamba gari lilizaliwa huko. Nilimkaribisha chai. Tangu tumzike Job sikuwa na nguvu ya kubishana hata na paka.

Gari hilo ndilo hubeba sufuria zangu za pilau na maharagwe hadi Industrial Area, ninakowauzia vibarua chakula cha mchana. Likienda, mimi na binti yetu Vivian hatuna kazi wala karo. Nilijua hivyo vizuri kabisa, na bado nilimkabidhi funguo. Moyo ulikuwa umekufa ganzi.

Opicho ni mtu mwangalifu. Hakutaka kushika safari ndefu na tairi za mbele zilizoisha kuwa kipara, kwa hiyo alienda kwanza kuvalisha mbili mpya. Alirudi jasho likimtoka.

"Shemeji, njoo uone hii kitu."

Kwenye dashibodi ilikuwa inawaka taa ndogo ya manjano, ile ya kuonya kwamba upepo wa tairi umepungua.

"Nimerudi kwa fundi mara mbili," alisema. "Amepima upepo, uko sawa zote nne. Ananiambia ati niifunike taa kwa tepu nisiione! Tairi mpya, upepo sawa, na bado inawaka? Shemeji, hiyo si taa. Huyo ni Job. Amekataa gari iondoke."

Mimi nilijua taa ile ni nini. Job alinifundisha mwaka jana: ukivalisha tairi mpya gari halizitambui, linadhani kuna kasoro. Unashikilia kitufe kilicho chini ya usukani hadi lipige mlio, basi, yameisha. Goti la Opicho lilikuwa karibu kukigusa. Sikusema kitu. Wala haukuwa ujanja. Kufungua mdomo tu kulinishinda.

Opicho akampigia mama yao, akaweka spika, akamweleza yote. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniita.

"Nerima, mwanangu. Wewe ndiye uliishi naye. Job anataka nini?"

Muda wote ule wa msiba hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza chochote. Niliambiwa tu: kaa hapa, vaa hiki, simama, wageni wamefika. Nikafungua mdomo, na uongo ukatoka bila taabu.

"Anataka gari libaki, mama. Limlishe Vivian."

"Basi libaki," alisema papo hapo. "Opicho, mrudishie funguo."

Opicho akanirudishia, tena kwa haraka, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini mama hakukata simu. Tulimsikia akipumua, kisha sauti ikaja ndogo, ya aibu.

"Na mimi je? Hajaniulizia?"

Opicho aliinua macho akanitazama, naye akisubiri.

"Amekuulizia, mama," nilisema. "Anauliza kama unakula."

Mama akaangua kilio. Opicho akajifunika uso kwa kofia, mabega yakimtetemeka. Mimi nilisimama pale kando ya mlango wa gari, funguo mkononi, macho makavu, nikiwaonea wivu wote wawili.