Jinsia ya Barua Pepe

Irmtraud Böhnke alisahihisha gazeti la mji wa Braunschweig kwa miaka thelathini na mmoja, na alipostaafu jicho lake halikustaafu naye. Hata orodha ya vyakula mkahawani aliisoma kalamu mkononi. Ndiyo maana Bwana Lüdecke, mwenyekiti wa chama chao cha bustani, kinachokodisha wanachama vipande vya kulima, alipopata barua isiyo na jina mwezi wa Machi, alijua pa kuipeleka.

Barua ilikuwa fupi, imechapwa kwa kompyuta. Ilimshtaki mzee Fenske wa kipande namba kumi na saba kwamba tangu afiwe na mkewe amekuwa akilala kibandani, majira yote ya baridi. Katika jambo hilo chama hakikuwa na mzaha. Kibanda ni cha majembe na kahawa ya mchana. Anayekigeuza nyumba hunyang'anywa kipande chake, na waliokuwa wakingoja vipande walikuwa na foleni ya miaka sita.

"Nisomee kama mtu wa kazi," Lüdecke alimwambia. "Nani kati yetu anaandika hivi?"

Mara tatu Irmtraud aliisoma asione kitu. Mara ya nne alikwama kwenye mstari wa mwisho, mwandishi alipoeleza kwa nini ametumia posta. E-Mail, yaani barua pepe, alisema, humfichua aliyeituma. Lakini mbele ya neno hilo hakuweka die kama mtu yeyote wa Braunschweig. Aliweka das.

Kwa Wajerumani kila nomino ina jinsia, na kineno kinachoitangulia huionyesha: der ya kiume, die ya kike, das isiyo huku wala kule. Neno likitoka kwa Waingereza, ambao hawana mambo hayo, hupewa jinsia mlangoni, kama Mswahili anavyolitafutia neno la kigeni ngeli, na hapo ndipo watu wasipokubaliana. Kaskazini E-Mail ni mwanamke. Ukishuka kusini, na hasa ukivuka mpaka kuingia Austria au Uswisi, si mwanamke wala mwanamume. Irmtraud alijua kwamba mtu anaweza kuficha jina na mwandiko wake, ila kineno kama hicho humponyoka kama kikohozi.

Na katika chama kizima Mwaustria alikuwa mmoja: Notburga, jirani yake wa bustani, mwenyeji wa Graz, ambaye Irmtraud alikuwa akinywa naye kahawa kila Jumatano kwa miaka isiyohesabika.

Kwanza alikataa kuamini. Kisha ushahidi ukaanza kumjia wenyewe, kama sisimizi waliosikia harufu ya sukari. Notburga alikuwa ameteta na Fenske mwaka uliopita kwa ajili ya mti wa jozi wa mzee huyo uliozizibia nyanya zake jua. Kibanda cha Fenske kilionekana vizuri kutoka kwenye ngazi ya kibanda cha Notburga. Jumatano iliyofuata Notburga alisema, akikoroga kahawa, kwamba yule mzee amekonda, sijui anakula nini. Siku nyingine Irmtraud angeona huruma. Siku hiyo aliona mtu anayechungulia kama mtego umenasa.

Akamjaribu. Alimsogezea sahani akamuuliza atachukua nini. Notburga akaomba das Keks moja. Neno hilo nalo ni la Waingereza, kwao ni keki nyingi, Wajerumani wakaligeuza biskuti moja, na Braunschweig biskuti hiyo ni mwanamume. Watu wa bustanini walikuwa wakimtania kila mwaka kwamba biskuti yake imehasiwa, naye akicheka. Sasa Irmtraud hakucheka. Alihisi amekwisha kumkamata, akaenda kumpa Lüdecke jina.

Nyumbani alimsimulia mdogo wake wa kike, Gerlinde, aliyekuwa akikaa naye tangu vuli, baada ya kufanya kazi ya mapokezi hotelini Zürich miaka kumi na tisa. Gerlinde alikuwa akimenya viazi. Hakusema huyu mwovu wala huyu mwema. Aliuliza tu, "Na Lüdecke ameafiki?"

Lüdecke aliafiki, tena aliahidi siri. Siri hiyo aliwaambia watu wawili, na wale wawili hawakuahidi chochote. Kufika mwezi wa Mei, Notburga alikuwa akisalimu watu na salamu zake zikianguka chini. Aliyezoea kumwazima toroli alisema limeharibika, na jioni hiyohiyo akaonekana akilisukuma. Irmtraud naye akaacha kahawa ya Jumatano, mara kichwa, mara miadi ya daktari.

Wiki ya tatu Notburga alikuja kwenye uzio uliotenganisha bustani zao, akasimama upande wake.

"Nimekukosea nini, mwenzangu?"

Irmtraud alisema hajakosewa. Kisha, kwa kuwa hakuzoea uongo, akatoa yote: barua, mstari wa mwisho, das.

Notburga alijibu kwa sauti ya chini.

"Mimi nimekuja hapa mwaka themanini na nne. Graz niliondoka na das Keks yangu, na jina la kwetu la nyanya za bustani, na maneno yote ya mama yangu, na hayo nitakufa nayo. E-Mail ilikuwa haijazaliwa! Neno hilo nimelisikia hapa, kwa mara ya kwanza, kwenye kozi ya kompyuta ya wanawake. Nani alikaa kando yangu?"

Irmtraud alikuwa amekaa kando yake.

"Die E-Mail," alisema Notburga. "Nimelisema mbele yako mara elfu. Ulikuwa unasikiliza nini?"

Akageuka akaenda zake. Irmtraud alibaki ameshika uzio. Alijaribu kukumbuka, na alikumbuka vizuri mno. Mtaalamu wa miaka thelathini na mmoja alikuwa ameliona neno akasahau kumwona mtu.

Basi shaka ikaanza upya, na safari hii haikuwa na pa kutua. Alitega sikio kwa muuza mbegu, kwa mke wa Lüdecke, kwa kila mtu aliyepita getini. Hakuna aliyesema das. Alirudi nyumbani kila siku amechoka kama aliyelima.

Jumapili moja, wakila chakula cha mchana, Gerlinde alisema kwa furaha kwamba das E-Mail ya chama imefika: wazee wawili waliokuwa mbele yake wamejitoa na wengine wamekata tamaa, na yeye, aliyejiandikisha miaka mitano iliyopita akiwa bado Zürich, amekuwa wa kwanza kwenye foleni.

Irmtraud aliweka uma mezani. Hakujua hata kama mdogo wake aliomba kipande. Na neno lile Gerlinde alilipata Zürich, kule Uswisi, mapokezini, lilipoingia hotelini na kompyuta za kwanza. Miezi minane alikuwa akilisema humu ndani, na Irmtraud hakulisikia, kwa sababu lilitoka kwa mdogo wake.

"Ile barua ni yako," alisema.

Gerlinde alitazama sahani. "Fenske analala kule kweli. Sikudanganya."

"Na Notburga?"

"Notburga hukumpata kwangu, dada. Ulimtafuta mwenyewe." Kisha machozi yakamtoka. "Nalala kwenye chumba cha cherehani. Nina miaka sitini na sita. Nilitaka mahali ambapo ufunguo ni wangu."

Irmtraud alijua yote mawili ni kweli: la Notburga, na la chumba cha cherehani.

Kwenye mkutano wa Juni alisimama mbele ya wanachama sitini akasema kwamba alimchafua mtu asiye na hatia kwa kineno kimoja, na kwamba barua ilitoka nyumbani kwake. Gerlinde alikuwa amelifuta jina lake kwenye foleni asubuhi hiyo. Fenske alionywa, si kufukuzwa. Alikiri kwamba hakuweza kulala kwenye kitanda alichofia mkewe. Mke wa Lüdecke akamtafutia chumba cha kupanga mtaa wa pili.

Baada ya mkutano Irmtraud alimfuata Notburga hadi getini kwake, akaomba radhi tena, wawili tu. Notburga alisikiliza mpaka mwisho, mkono juu ya komeo.

"Nimekusikia," alisema. "Usinisukume, nipe muda."

Akaingia bustanini kwake, akaanza kufunga nyanya kwenye vijiti. Irmtraud akaingia kwake.