Raba Mpya za Tela

Wifi yangu huendesha gari la wagonjwa, ndiyo maana siku zake za mapumziko haharakishwi na mtu. "Haraka naifanya kwa mshahara," husema. Basi mchana ule alivuta stuli mpaka uani, nyuma ya nyumba ninayopanga, akakaa kivulini na bakuli la karanga, akawa ananitazama nikilizunguka tela.

"Kaa chini, wifi. Unanitia kizunguzungu."

"Nikikaa, nani atafanya?"

"Hata sasa hufanyi. Unazunguka."

Alisema kweli. Tangu asubuhi sikuwa nimetulia mahali. Nilikuwa nimefua nguo ambazo hazikuwa chafu, nimezianika, nimepanga upya kabati la vyombo, nimeitazama simu, nimeiweka, nimeitazama tena. Safari ilikuwa kesho alfajiri. Wifi alikuwa na likizo ya wiki moja na gari lenye kulabu ya kukokotea. Angelivuta tela mpaka kule kaka yake, yaani mume wangu, anakochomelea mabomba ya maji, aniache huko, arudi zake. Kambini kwao wanaume hulala kwenye mabweni ya bati, na mke akitaka kuja anakuja na pa kulala pake. Tusipoondoka kesho, likizo nyingine ya wifi ilikuwa mwakani.

Na mume wangu hakuwa amesema nije. Hakuwa amesema nisije. Nilipomuuliza kwenye simu alijibu, "Kama unaona inafaa."

Maneno hayo yalinikaa kama uzi wa nyama kwenye jino. Nikihesabu vidonge kule duka la dawa ninakofanya kazi, yapo. Nikilala, yananigeuza upande huu na upande huu. Mtu umeolewa naye, umemfulia, umemuuguza, anakujibu kama mwenye duka anayekungoja uondoke ili afunge.

Tela lenyewe, kwa asiyelijua, ni sanduku refu la bati juu ya magurudumu mawili. Ukifungua vifungio vya pembeni, kifuniko kinapanda juu ya miguu minne, vitanda vinavutwa huku na huku, turubai linanyooka, na pale palipokuwa na sanduku sasa pana chumba chenye dirisha. Ndoa yetu ilianzia humo, tukihama na kazi zake. Kati ya kifuniko na sanduku, ukingoni kote, hukaa vipande vya raba vyenye ukubwa wa kiberiti. Kazi yake ni moja: chuma kisikutane na chuma. Za kwetu zilikuwa zimekwisha. Nyingine zilibaki kama utando wa maziwa, nyingine zilikuwa unga mweusi. Safari ya mwisho kifuniko kililia njia nzima na kuling'ata turubai mpaka likatoboka.

Wifi hakuwa amelisahau tundu hilo, wala kelele zile. Sharti lake lilikuwa fupi.

"Likilia tu barabarani, nalifungua kwenye kulabu nakuacha hapohapo, wewe na nyumba yako mgongoni kama konokono."

"Halitalia."

"Konokono mwenyewe halii. Ndiyo uzuri wake."

Nikaanza. Raba za zamani nilizibandua kwa kisu butu. Zilizogoma nilizilowesha kwa spiriti niliyotoka nayo kazini, nikazisugua kwa msasa mpaka bati likang'aa. Nilipofika kona ya nyuma, chini ya gurudumu la akiba, nilikuta kipande kimoja kizima kabisa. Kifuniko kimepinda kidogo pale, hakikuwahi kukilalia. Kilikuwa kinene kama kidole gumba changu.

"Ona," nikamwonyesha wifi. "Hivi ndivyo zilivyokuwa zote zilipotoka kiwandani."

Alikifinya, akakinusa, akanirudishia. "Kimenenepa kwa kukaa bure. Kama mimi wiki hii."

Nikakitumia kuwa kipimo. Bapa la raba nilikuwa nimelinunua kwa muuza soli za viatu, la unene uleule. Nililikata kwa kisu cha jikoni nilichokuwa nakichovya kwenye maji ya sabuni, maana raba kavu huking'ang'ania kisu kama mtoto anayenyonya. Nikapaka gundi, nikabandika, nikakaza skrubu palipokuwa na skrubu. Wifi aliinuka kunishikia tochi chini ya ukingo, akarudi kukaa, akainuka tena kuniambia kipande kimoja kimekaa upande. Kilikuwa kimekaa upande. Nikakibandua nikakirudia huku nikimlaani kimoyomoyo.

Mwenye nyumba alichungulia dirishani. "Hilo sanduku linaondoka lini kwenye uwanja wangu?"

"Kesho, mama."

"Ulisema kesho tangu kiangazi."

"Hii kesho nyingine."

Gundi ilipokauka, jua lilikuwa limeshuka usawa wa ukuta. Tukakishusha kifuniko, wifi upande huu, mimi upande huu. Kilitua bila sauti. Nilikuwa nimezoea kishindo chake, ule mlio wa sufuria iliyoangushwa, na kimya kile kilinifurahisha nikataka kumkumbatia mtu. Nikavuta kifungio cha kwanza.

Hakikufika.

Nikajaribu cha pili. Ndoano ilining'inia juu ya kishikio chake kilichokazwa kwenye sanduku, pamebaki nafasi ya kupitisha kidole. Vyote vinne hivyohivyo. Kifuniko kilikuwa kimekaa juu juu kama kofia ya kuazima.

"Zimezidi unene," wifi akasema.

"Hazijazidi. Nimepima."

"Umepima, ndiyo, na hakifungi. Kata nusu."

"Nikikata nusu, zitakwisha kabla hatujafika."

"Sasa utasafiri na mdomo wazi? Mimi barabara kuu na kifuniko kinachopepea siendi, wifi. Nimeshawabeba wengi waliopigwa na vitu vilivyotoka kwenye magari ya watu."

Hilo halikuwa dhihaka, na nilijua. Nikashika kisu. Sikuwa nimekula, na bapa la raba lilikuwa limebaki ukanda mmoja. Nikiharibu, hapana pengine pa kukata, na muuza soli alikuwa ameshafunga. Nikakiweka kisu. Nikapanda juu ya kifuniko, nikakikalia kwa nguvu zangu zote.

"Vuta kifungio!"

Wifi akavuta. "Bado."

Nikaruka ruka. "Vuta!"

"Bado. Laiti ungekuwa unakula." Akacheka mpaka akashika kiuno. "Kaka yangu angekuona sasa hivi, angesema nini?"

"Angesema kama naona inafaa."

Akaacha kucheka. Akanitazama. Sikuwa nimemwambia habari ya jibu lile.

"Alikwambia hivyo?"

"Hivyohivyo."

Sikutaka anione uso. Nilibaki juu ya tela, miguu ikining'inia, nikawa napiga visigino kwenye bati, hiki, hiki, kama mtoto aliyenyimwa. Napiga tu. Rangi ikabanduka ikaangukia kiatu cha wifi. Akainama kuitazama, kisha hakuinuka.

"Hebu shuka," akasema.

Juu ya kishikio cha kifungio, pale kisigino kilipokuwa kinapiga, palikuwa na tundu la skrubu lililozibwa kwa puti na kupakwa rangi. Nikapitisha kucha. Juu yake kidogo palikuwa na jingine. Juu ya lile, jingine. Yalipanda kwa mstari kama vifungo vya shati, na la juu kabisa ndilo lilikuwa la kiwandani, limezungushiwa pete ya chuma. Nikakimbilia kona ya pili. Yapo. Ya tatu, ya nne. Yapo.

Nilielewa nikiwa bado nimechuchumaa. Kila raba zilipopungua, kifuniko kilishuka na vifungio vikalegea. Mume wangu, badala ya kubadilisha raba, alikishusha kishikio, akaziba tundu la zamani, akapaka rangi. Zikapungua tena, akashusha tena. Miaka yote ile nililala humo nikidhani tela linafunga vizuri.

Wifi aliketi chini kwenye saruji, ingawa stuli ilikuwa karibu. "Huyo ndiye kaka yangu," akasema. "Tangu mdogo. Meza ya nyumbani ikikosa mguu, yeye anaegemeza goti. Anakula hivyohivyo, haombi mtu kitu."

Nikapiga simu. Iliita kwa muda mrefu, na nyuma ya sauti yake nilisikia upepo.

"Hamjambo? Wifi yako kafika?"

"Yupo. Vishikio vya tela ulivishusha?"

"Vilikuwa vinalegea."

"Raba zilikuwa zinakwisha."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia tubadilishe?"

"Ungeanza kuhangaika. Wewe nakujua." Akakohoa. "Nilikuwa nasema, safari ijayo."

"Nimebadilisha zote leo. Sasa navirudisha vishikio juu, kwenye tundu la kwanza. Kesho nakuja."

"Kama unaona ina..."

"Sikuulizi. Nilikuuliza mara ile. Leo nakuarifu. Kama hutaki, sema hutaki, nisikie kwa masikio yangu, nikalale."

Wifi aliacha kutafuna. Upepo ulivuma kwenye simu, ukavuma, nikafikiri ameiweka simu chini akaenda zake. Nilikuwa nimesimama kwa mguu mmoja bila kujua.

"Huku kuna upepo," akasema mwishowe. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Turubai litapeperuka. Njoo na kamba ndefu. Mimi nitachimbia vigingi kesho mchana, nimeshaona mahali, pana ukuta wa mawe."

"Umeshaona mahali lini?"

"Siku nyingi."

Nikakata simu kabla sijaharibu.

"Kasemaje?" wifi akauliza.

"Kasema njoo na kamba."

"Basi hiyo ndiyo barua ya mapenzi. Kutoka kwa huyo, hutapata nyingine." Akaenda kwenye gari, akarudi na drili iliyofungwa kwenye taulo. Niliikodolea macho. Ilikuwa humo siku nzima. "Unanitazama nini? Uliniomba tochi, hukuniomba drili."

Tulizibua matundu ya juu, tukahamisha vishikio, nikakaza skrubu mpaka kiganja kikaota malengelenge. Kifungio cha kwanza kilikuwa kigumu. Wifi alikilalia kwa uzito wote wa wiki yake ya karanga, nami nikavuta. Kikaingia. Cha pili, cha tatu. Cha nne kilinibana kidole, nikatoa neno ambalo mwenye nyumba alilisikia dirishani.

Wifi akalishika tela kwenye chuma chake cha kukokotea, akalitikisa kama anavyotikisa machela kabla ya kupakia mgonjwa. Tukatega sikio. Akatikisa kwa nguvu zaidi. Sikusikia kitu ila karanga zilizokuwa mfukoni mwake.

"Saa kumi na moja, nje," akasema. "Ukichelewa nakuacha."

"Wewe ndiye utakayechelewa."

Alipoondoka nilitafuta kamba ndani, chini ya kitanda, juu ya kabati, ndani ya ndoo. Hakuna. Nikarudi uani. Nguo nilizofua asubuhi zilikuwa bado zinaning'inia, kutoka ukutani mpaka kwenye nguzo, kwenye kamba ya nailoni niliyoifunga mwenyewe siku tulipohamia. Nikazianua moja moja, nikazitupa begani. Fundo la ukutani lilikuwa limekaza kwa mvua na jua. Nikalifungua kwa meno.