Ufa Iliyovuka Barabara

"Chipo weee! Acha iyo samaki, kuya uone! Ufa imetoka mu beseni, imeingia mu kiti ya mama!"

Fidélie alikuwa anaita juu ya lupango, ile uzio ya matete, mukono moja inashika foulard ya kichwa isianguke. Chipo, jirani yake, alikuwa anageuza chisense, ile samaki kidogo-kidogo, ku jua. Alimaliza kwanza safu yake. Kisha akapangusa mikono ku kitenge, akakuya.

Ilikuwa saa nane ya muchana, pale Kabuta, kijiji ya kando ya ziwa, siku ya pili ya ile ufa. Ilianza jana mu beseni nyekundu ya kufulia. Iliikata katikati, ikashuka chini, ikapita hatua tatu ya udongo bila kuacha alama, ikapanda ku muguu ya kiti ya plastiki. Sasa ilikuwa inatembea ku mugongo ya kiti pole pole, sawa mutu mwenye kutafuta nyumba asiyoijua.

"Inaenda wapi?" Chipo aliuliza.

"Ku barabara," alijibu Suzanne, mama ya Fidélie. "Musikalie ile kiti."

Suzanne njo alikuwa anashona plastiki ya batu bote ba Kabuta: mabeseni, ndoo, mabidon, ni kusema madumu. Mbele ya kushona, anapasha musumari ku moto, anatoboa tundu ya duara pale kabisa ufa inaishia. Ufa ikifika mu tundu ya duara inakosa pa kushika, inalala. Kisha anaifunga na uzi ya nyavu. Tangu alivuka ziwa na Fidélie mu 2017, hakuna ufa ilimushinda. Hii ilifika mu tundu, ikaizunguka, ikaendelea. Mu tundu mulitoka mayi ya ziwa kikombe moja, na chisense moja muzima. Suzanne aliipatia kuku.

"Mama, nilikuambia!" Fidélie alikuwa amerudi juma iliyopita kutoka college ya Mansa, na kichwa imejaa. "Plastiki ni minyororo mirefu-mirefu, imefungana sawa uzi ya nyavu. Jua inaikata. Mafuta na sabuni inaingia katikati. Mbele ufa ifunguke, pale panakuwa kwanza peupe. Na mule mu weupe kuna nyuzi ndogo sana, macho haiwezi kuiona, inashikilia ngambo zote mbili. Moja ikikatika, muzigo yake inaangukia jirani. Na jirani naye..."

"Ile weupe niliiona mbele uzaliwe," Suzanne alisema. "Leta musumari ingine."

Siku ya tatu ufa ilivuka barabara. Batu ba kinga, ile baiskeli ya kubeba samaki, balisimama, baliiacha ipite, bakakanyaga pedale tena. Ikaingia mu depot, ghala ya Mulumba.

Mulumba ni mwenye boti. Yeye peke yake njo anavusha batu na biashara kutoka Kabuta mupaka Kilwa, ngambo ya Congo. Gilet ya kuokolea mutu ku mayi hana. Kila musafiri anapewa bidon ya manjano, tupu, anaifunga ku tumbo na kamba. Méschac, baba ya Fidélie, alibakia Congo juma moja nyuma ya bibi yake na mutoto, sababu alikuwa anauzisha mbuzi. Alivuka mu boti ya Mulumba, na bidon ku tumbo, na boti ilipinduka. Mulumba alikuya mwenyewe ku matanga. Alisema bidon ilikuwa nzima. Méschac njo hakuifunga muzuri. Myaka yote ile Suzanne alibeba ile neno. Hakuna siku alimusemea mume wake mubaya, lakini akifunga kamba ya kitu yoyote, alikuwa anaifunga mara mbili, kisha anaangalia tena.

Ufa ilipanda mu mabidon iliyopangwa mupaka ku dari. Kila moja ilifunguka pale pale ilikuwa imepasuka zamani, pale Mulumba alipakaa sachet, mufuko ya plastiki ya kuyeyusha, na rangi ya manjano juu. Na kila moja ilitoa pumzi. Mabidon ilikuwa inaokotwa ku mayi, inarudishwa ku kazi. Pumzi ya mwenye kuishika mwisho ilikuwa ingali mule ndani. Moja ilisema, "Nashika, nashika." Moja iliomba Mungu mu Kibemba. Moja iliuliza kama chumvi imelowa. Ya chini kabisa ilisema, "Suzanne, nilifunga muzuri. Mafundo mbili."

Batu balikuwa mule kulipia safari bote balisikia. Muzee moja alivua kofia.

"Umesikia, baba Mulumba?" Suzanne aliuliza.

"Nimesikia, mama." Mulumba alikuwa anakaa ku mufuko ya mihogo. "Mafundo mbili. Basi. Kesho boti inatoka asubui, saa kumi na mbili. Ao kuna mwingine hapa mwenye boti?"

Kila mutu aliangalia muzigo yake. Kisha mama moja aliuliza kama maboksi yake tatu itapata nafasi.

Suzanne alitandika kitenge chini, akapasha musumari. Alishona mupaka jua ikashuka, bidon kwa bidon. Ya chini kabisa hakuishona. Aliibeba ku kichwa mupaka ku nyumba, akaipachika ku mulango.

Fidélie alitia sikio pale ku ufa. "Papa, ni miye. Niko mu mwaka wa pili ku college!"

"Unakuwa mukubwa," bidon ilisema. Ilikuwa inanuka mafuta ya ngazi, mawese. "Sikia. Ilianza kupauka karibu na mushikio. Niliiona tukingali ku ngambo. Nikamuambia Mulumba, naye akanijibu..."

Ikapumzika. Kisha, kidogo sana: "Kesho nitakumalizia."

Asubui Fidélie alikimbia ku mayi. Chipo alikuwa ameshapakia chisense yake, bidon ku tumbo.

"Chipo! Papa amesema! Alifunga muzuri, na aliona mbele, na alimuambia..." Fidélie alisimama. Karibu na mushikio, juu ya mushono ya mama yake, bidon ya Chipo ilikuwa na peupe, ukubwa wa ukucha. "Badilisha iyi bidon."

"Yaba! Na gani? Angalia ya benzangu."

Fidélie aliangalia. Ilikuwa na peupe, yote.

"Acha kunitolea macho, mutu wa college. Nifunge."

Fidélie alimufunga. Fundo moja, mbili. Akaongeza ya tatu.

"Na Mulumba alimujibu nini?" Chipo aliuliza, muguu moja mu boti.

"Pumzi ilikatika. Anamalizia lelo."

"Awe, hapana! Usimusikilize bila miye. Kesho niko hapa."

Mulumba alivuta kamba ya motere. Boti ikaanza kusogea, na mabidon yote ya manjano ikageuka pamoja kuangalia ziwa.

"Kesho," Fidélie aliita juu ya ile kelele, "kesho nitakuambia yote!"