Kuvu Nyuma ya Zulia

Tangu aolewe, Sayragul hakuwahi kulala kwenye chumba kisichonuka. Nyumba waliyopanga mjini Naryn, mji wa milimani wenye baridi kali, ilikuwa ya bloku za saruji, kuta nyembamba, na baridi ilipokaza maji yalitiririka ukutani kama jasho la mgonjwa. Nyuma ya kabati iliota kuvu nyeusi yenye manyoya. Aliisugua, ikarudi, akaisugua tena, ikarudi. Alikuwa nesi, usaha na matapishi ameshavizoea, lakini kuvu ile ilimtia kinyaa kuliko vyote, maana ilikuwa ya nyumbani kwake.

Walipopata kiwanja chao, kaka wa mumewe, Kubat, akaja kula na kutoa amri. Yeye ndiye aliyekuwa akijenga nusu ya mtaa mpya.

"Bloku, nje tunabandika mabamba ya povu jeupe la kuzuia baridi, juu yake matofali ya urembo," alisema. "Watu wakipita waone nyumba."

"Na kile kiwango kipya cha kushika joto?" Sayragul aliuliza. "Siku hizi ukuta unapimwa."

"Shemeji, kiwango ni mhuri. Mhuri nitaleta mimi." Alicheka na nyama ya farasi mdomoni, mafuta yakamshuka kidevuni. Sayragul akasogeza sahani yake mbali.

Yeye alitaka ukuta wa matete yaliyobanwa, mnene, uliokandikwa udongo ndani na nje. Aliwahi kwenda kumfunga mgonjwa kidonda katika nyumba ya namna hiyo. Nje mate yalikuwa yanaganda kabla ya kufika chini. Ndani mzee amekaa na fulana, na jiko limewekwa makaa kiganja tu.

"Udongo?" alisema mama mkwe, Burulcha, aliyekuwa akiishi nao. "Mimi nimezaliwa kwenye udongo, mwanangu, nikautoka kwa jasho. Leo unirudishe?"

Almambet, mume wa Sayragul, aliinamia chai yake. Kaka mkubwa akisema, mdogo hujibu kwa kichwa.

Wiki chache baadaye Kubat akawaalika kuiona nyumba yake mwenyewe, iliyojengwa kwa mtindo huohuo. Kwa nje ilimeremeta. Walipokwisha kula, Burulcha akataka kujinyoosha, na Sayragul akaingia chumba cha watoto kumtafutia godoro. Alipovuta magodoro yaliyopangwa ukutani, harufu ikampiga: unyevu uliooza, na mkojo wa panya. Ukuta ulikuwa umefunikwa zulia. Akalifunua.

Lipu ilikuwa nyeusi, laini kama ini. Kwenye pembe bloku ilikuwa imepasuka, na kidole chake kikazama hadi kwenye povu lililotafunwa likawa chenga. Ndani ya chenga wana wa panya, wekundu, bila manyoya, walikuwa wakijipindapinda.

"Rudishia, dada," ilisema sauti mlangoni. Alikuwa Asilkan, mke wa Kubat, amembeba binti yake anayekohoa. "Usimwambie mtu. Baba yake anasema kosa ni langu, eti sijui kuwasha jiko."

Hapo ndipo kinyaa kilipomjaa hasa. Panya walikuwa afadhali. Hakurudishia. Akawaita wote.

"Panya wako kila nyumba," Kubat alisema. "Na huyu mwanamke hafungui madirisha."

Burulcha aliinama, akanusa, akamtazama mjukuu wake. "Mtoto analala hapa?"

"Mama, nimekwambia ni huyu..."

"Nyamaza. Ukuta hakuujenga yeye."

Almambet akasema polepole, macho chini, "Kaka, yangu hutaijenga wewe."

"Basi kalale matopeni," alijibu Kubat, "mkeo akushike mkono."

Kiangazi walijenga kwa matete na udongo. Majirani wakaiita zizi. Mkaguzi alikuja na kipimo chake, akapima, akapitisha, naye Burulcha akajichagulia chumba cha upande wa jua. Kwenye sherehe ya kuhamia Kubat hakutokea. Theluji ilipoanguka, Asilkan alibisha hodi na mtoto na mabegi mawili. Majira ya kuchipua yakawakuta hapohapo, kikohozi kimeisha.

Kubat alipokuja kuwachukua alisimama mlangoni na viatu vyake miguuni. Akaweka kiganja ukutani, akaukuta mkavu na wa vuguvugu, akakiondoa haraka. "Jiandae," alimwambia mkewe.

"Jenga kwanza chumba cha mtoto upya," Asilkan alijibu. Hakwenda.

Kubat hakukijenga. Aliendelea kuwajengea wengine, na matofali yake ya urembo yakazidi kusifiwa. Wodini, mama akimleta mtoto anayebanwa kifua, Sayragul humuuliza nyumba yao ilijengwa na nani. Akitajiwa Kubat huenda kunawa mikono, na hukawia bombani.