Basili Alisema Iwekwe Kwenye Hadithi

Shemeji yangu Sylvanus alikinunua kile kitabu siku ya jubilei ya parokia yetu ya Kirua. Wachapishaji fulani wadogo wa Moshi mjini walikuwa wameweka meza nje ya kanisa, na juu yake vitabu vya namna mbili: historia za huku kwetu, za mifereji na kahawa na wamangi, machifu wetu wa zamani, halafu riwaya. Vyote vina jalada la kijani lenye mlima. Mimi nilivitazama nikapita, nikanunua rozari ya mjukuu.

Krismasi ilipofika na watu wakapanda kutoka Dar na Arusha, tulikaa kwa Sylvanus. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ilipokuwa inazunguka akatoa kitabu chake akatusomea. Kilihusu ndugu wawili wa mlimani wakati wa njaa. Mkubwa alikuwa na ulezi, mdogo hana kitu. Mdogo akapewa ulezi, na mkubwa akachukua kipande cha kihamba cha mdogo, shamba lake la urithi, chini ya mfereji akilime mpaka njaa iishe. Njaa ikaisha, kipande hakikurudi. Mkubwa akapanda mimea ya masale pale, basi ikawa mpaka. Kwetu isale likishapandwa mpakani, hakuna mwenye akili anayeling'oa.

Majina ya kitabuni sikuyajua. Lakini Sylvanus akasoma habari ya mparachichi uliopigwa radi, unaozaa upande mmoja tu, na watu wote wakageuka kunitazama. Mti huo uko kwenye kihamba changu, chini ya mfereji. Mume wangu Basili amezikwa hapo. Baba yake Basili ndiye alikuwa mkubwa, na baba yake Sylvanus ndiye mdogo wake.

"Shemeji, umesikia mwenyewe," Sylvanus akasema. "Hiki kimechapishwa Moshi. Si maneno ya kilabuni."

Kijana mmoja akamuuliza kama kitabu hicho kinajua na kupalilia. Watu wakacheka, Sylvanus naye akacheka, lakini kabla hatujatawanyika alikuwa ameshamwomba mzee Daniel, mkubwa wa ukoo, aite kikao kabla watu hawajarudi mijini. Alitaka kile kipande, na kaburi likiwa ndani yake. Alisema kaburi nitaruhusiwa kulifagia. Kuruhusiwa, mimi, kufagia kaburi la mume wangu.

Kesho yake nilishusha ndizi zangu Kiboriloni, nikaziacha kwa mwenzangu wa sokoni, nikaenda kuwatafuta hao wachapishaji. Nilidhani nitakuta jengo kubwa. Ni chumba kimoja juu ya duka la fundi cherehani, maboksi ya vitabu mpaka mlangoni, na dada mmoja mpole anaitwa Theodora. Akaniamkia shikamoo, akanitolea boksi kwenye kiti ili nikae.

Nikamwonyesha kitabu, maana nilikiazima kwa mke wa Sylvanus. Nikamuuliza kama yaliyomo ni kweli au si kweli.

"Hiyo ni riwaya, mama. Imetungwa."

Nikashukuru Mungu kimoyomoyo. Nilikuwa nimeshainuka ndipo nikaukumbuka ule mparachichi. Nikamuuliza, kama imetungwa, mtunzi aliujuaje mti wangu?

Theodora akauliza jina la mume wangu. Nilipolitaja, uso wake ukabadilika. Akanieleza kwamba miaka michache nyuma yeye na mtunzi walizunguka vijijini wakiwasikiliza wazee. Kila mzee waliyemsikiliza walimuuliza maneno yake yaende wapi, kwenye historia au kwenye hadithi. Nikakumbuka. Walikuja nikiwa kwenye sala za jumuiya, nikarudi nikakuta vikombe tu.

"Mzee Basili alituambia habari za mfereji tuziweke kwenye historia," akasema. "Hii ya mpaka, alisema iwekwe kwenye hadithi."

"Kwa nini?"

"Hatukumuuliza, mama. Alicheka tu, akatuongezea mbege."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na kicheko hicho kichwani. Basili alicheka akiwadanganya watoto. Alicheka vilevile akiwa na jambo la kweli asilotaka kulisema. Miaka yote niliyokaa naye sikuwahi kuvitofautisha vicheko hivyo viwili. Kama alitunga, kwa nini autaje mti wetu? Na kama ni kweli, mbona hakuniambia mimi, akawaambia wageni? Nilisali rozari nzima, na nilipofika mwisho nilikuwa sijui zaidi ya nilivyoanza.

Kikao kilikuwa uani kwa mzee Daniel. Sylvanus alikuja na kitabu ndani ya mfuko wa plastiki. Mzee akasema hataki mambo mengi. Mimi niape mbele ya Mungu kwamba kipande kile kilikuwa cha upande wa Basili tangu mwanzo, na tukishamaliza tukanywe.

Wote walijua nitaapa. Nilikuwa nimevaa msalaba wangu shingoni, nilichotakiwa ni kuushika tu.

"Siwezi, mzee," nikasema. "Sikijui hicho kitu, na Mungu simwapii kwa nisichokijua."

Halafu nikawaeleza yote ya Theodora, na kicheko cha Basili nikakieleza. Mwanangu Denis aliinamisha kichwa kama mtu anayetazama ng'ombe wake akichinjwa.

Sylvanus akapiga paja. "Si mnamsikia? Amekiri mwenyewe."

"Haya, wewe apa," mzee Daniel akamwambia. "Apa kwamba ni cha baba yako."

Sylvanus akaanza kutafuta ukurasa. Mzee akanyoosha mkono akakifunga kitabu taratibu.

"Sikuulizi kitabu. Nakuuliza wewe. Baba yako alikuambia?"

Sylvanus akakirudisha kitabu kwenye mfuko wake. Ni mkorofi, lakini naye anakomunika kanisani kila Jumapili.

"Baba hakuniambia kitu," akasema.

Basi masale yakabaki yalipo. Hakuna aliyesema nimeshinda. Mbege ilinywewa kimya, na Denis akarudi Dar bila kuzungumza nami vizuri.

Mwezi wa pili mgomba wa mchare ulio karibu na ule mparachichi ulikomaza mkungu. Nikaukata, nikaubeba kichwani mpaka kwa Sylvanus, nikautua mlangoni. Aliuangalia, akaniangalia.

"Shemeji, hii ni zawadi, au unarudisha?"

"Sijui," nikamwambia. "Pikeni."

Akauinua mkungu begani. Kisha akauingiza ndani, akatoka na kibuyu cha maziwa mgando akanikabidhi. Sikumuuliza chake kilikuwa cha nini. Nilipita kaburini kwanza, nikang'oa majani mawili matatu, nikamwambia Basili kwamba kibuyu ni cha Sylvanus, na kwamba ningependa siku moja anieleze siku ile alicheka nini.