Jiwe la Wajina

Kitu cha kwanza Nyawira alichokiona ni viatu. Ilikuwa Jumatano, si Jumapili, na wajina wake alikuwa akishuka njia ya katikati ya miti ya kahawa akiwa na viatu vyake vya kanisani, akikanyaga kwa ncha za vidole ili visishike matope mekundu.

Walikuwa mabinamu, watoto wa ndugu wawili, Kagwe na Githinji. Kila mmoja wa ndugu hao alipopata binti wa kwanza alimpa jina la mama yake, kama ilivyo desturi, kwa hiyo nyumbani kulikuwa na Nyawira watatu: cucu mwenyewe na hawa wajukuu wake wawili. Hakuna aliyeona shida. Wasichana waliitana wajina, na cucu akiita mmoja waliitika wote, na aliyekuwa karibu na mtungi ndiye aliyekwenda kuteka maji.

Shamba la Ruiru ndilo lililowatenganisha. Nyawira binti Githinji, ambaye shule yao ilifungwa mwaka wa hamsini na mbili akiwa darasa la tatu, alikuwa kwenye meza za kuanikia kahawa, akichagua punje mbovu kutwa nzima bila kusema na mtu. Wajina, binti Kagwe, alikuwa jikoni kwa memsahibu. Alikuwa na maneno na alikuwa na kicheko, na pale shambani mtu akisema "Nyawira" alimaanisha yule wa jikoni. Huyu mwingine alizoea kugeuka akisikia jina lake, kisha kugeuka tena kwa aibu, akijifanya alikuwa anatazama mawingu.

"Nimetoka kupigwa picha," wajina alisema alipofika kwenye meza. "Inakwenda kwa ndugu yake memsahibu, yule wa darubini. Nitawekwa juu mbinguni, wajina, na sijafa."

Wanawake waliacha kazi wakamsikiliza. Akawaeleza kama alivyoelezwa. Ndugu yake memsahibu alikaa huko kusini, kazi yake kutazama mbingu usiku, na alikuwa ameona jiwe kubwa kama mlima likizunguka jua kama dunia inavyolizunguka. Mawe kama hayo yalikuwa mengi, na hilo lilipoonekana mara ya kwanza halikupewa jina. Liliandikiwa mwaka na herufi tu, kama gunia. Likangojwa lionekane tena mwaka mwingine, na mwingine, mpaka njia yake ikahesabiwa na watu wakawa na hakika kwamba halitapotea. Hapo likapata namba yake. Sasa mwenye kuliona alikuwa na haki ya kupendekeza jina, na desturi ya watu wa darubini ilipenda la kike. Naye alikuwa amemwandikia dada yake amchagulie, na memsahibu akachagua Nyawira.

"Hata mbwa wa watu wana mawe yao huko," wajina alisema. "Sasa mimi nikose?"

Wanawake wakacheka. Mmoja akamwuliza kama atalipa kodi ya jiwe hilo au atakaa bure. Nyawira hakucheka. Aliuliza swali moja, kwa sauti ndogo, kama jiwe jingine likipatikana linaweza pia kuitwa Nyawira.

"Hapana. Jina likishatumika halirudiwi, wasije wakachanganya. Huko juu hakuna wajina."

Siku hiyo Nyawira alitupa punje nzuri pamoja na mbovu mpaka msimamizi akamkemea. Wiki nzima alisikia jina lake likisifiwa, kisimani, kwenye mstari wa posho, hata mlangoni mwa kanisa, na kila mara halikuwa lake. Lililomchoma zaidi ni kwamba wajina alistahili. Memsahibu alipougua homa ya mapafu wakati wa mvua za masika, wajina ndiye aliyekaa naye siku kumi na moja, akimlisha uji kwa kijiko. Kama angekuwa hastahili, wivu wa Nyawira ungepata mahali pa kusimama. Sasa ulikuwa unamzunguka tu kifuani, bila kutua.

Jumamosi ya wiki iliyofuata memsahibu alikuja kwenye meza na karatasi mkononi. Alieleza kwa Kiswahili chake cha polepole kwamba jina haliendi peke yake. Huandikiwa mstari mmoja au miwili, lina maana gani na ni la nani. Alikuwa amemwuliza wajina, naye akacheka tu akasema jina ni jina. Kwa hiyo amekuja kwa binamu yake mnyamavu.

Maana yake Nyawira aliijua vizuri. Ni mtu wa kazi, mwenye bidii. Maneno mawili au matatu, angeyasema akarudi kwenye punje zake. Akafungua mdomo.

"Ni jina la cucu yetu," alisema. "Yeye yu hai. Kwetu, jina la mzee aliye hai halipewi jiwe. Likipewa, mzee hakai duniani."

Hapakuwa na desturi kama hiyo. Ingetoka wapi? Hakuna mtu wa kwao aliyewahi kuwa na jiwe la kupewa jina. Lakini mtu wa maneno machache haulizwi mara mbili. Memsahibu aliikunja karatasi, akaikunja tena ikawa ndogo, akamshukuru. Jiwe likaitwa kwa jina la shangazi yake wa Ulaya. Kwa wajina alisema tu kwamba haitafaa, asije akamtisha msichana kwa habari ya kifo.

Baada ya hapo wajina hakucheka tena jikoni. Mwezi haukwisha akaomba kuacha kazi. Alikuwa amesikia wanatafuta wasichana kwenye kiwanda cha mananasi, Thika, na pasi ya serikali ya kusafiri alikuwa ameshapata. Nyawira alimbebea furushi mpaka stesheni ya Ruiru. Wakaketi juu ya furushi wakingoja treni.

"Memsahibu alijua habari ya kifuniko cha birika," wajina alisema. "Nilikivunja nikakizika kwenye majivu. Lazima alikiona. Mwizi wa vyombo awekwe juu kwa nini? Afadhali niondoke kabla hajaniambia usoni."

Nyawira alitazama reli. Angeweza kunyamaza. Kunyamaza ndiko alikojulikana nako, na treni ilikuwa imeshasikika upande wa stesheni ya Kahawa.

"Si kifuniko," alisema. "Ni mimi. Nilimwambia memsahibu kwamba jiwe likipewa jina hilo cucu atakufa. Nilidanganya, wajina, kwa sababu kila wakisema Nyawira ni wewe, nami nilitaka pawe na mahali pamoja tu ambapo si wewe."