Anwani Iliyobaki Hewani

Asubuhi jengo lilipobomolewa, Mama Pini alikuwa anashona kola ya shati la mteja. Alisikia mitambo ikinguruma chini, kuta zikienda, ngazi zikienda, akainua mguu kwenye kikanyagio cha cherehani kusubiri vumbi litulie. Lilipotulia, ghorofa ya tatu haikuwa na ukuta, paa wala sakafu. Ukichungulia miguuni uliona kifusi. Lakini kitanda kilikuwa kimesimama mahali pake, na kabati, na jiko la gesi, na cherehani. Akamalizia kola, maana mwenye shati alikuwa na harusi.

Mtaa mzima ulijua sababu. Kwenye mfumo wa uhamiaji, familia ile ilikuwa inaishi ghorofa ya tatu, chumba cha kona, na maombi yao ya ukaazi wa kudumu yalikuwa bado yanashughulikiwa. Wapangaji wengine walikuwa wenyeji, wakabeba magodoro yao wakaenda zao. Hawa walibaki pale walipoandikwa. Mfumo haukuwahi kuuliza habari za paa, kwa hiyo mvua iliwanyeshea kama kawaida, wakafunga turubai.

Mumewe alikuwa fundi mwashi. Kazini walimwita Timazi, jina la ile kamba ya kunyooshea kuta, kwa sababu ukuta wake haukuwahi kupinda na maneno yake hali kadhalika. Mwenye kiwanja alipoanza kujenga jengo jipya, msimamizi alimchukua Timazi kwanza, kwani alikuwa jirani. Kila asubuhi alishuka zile ngazi zisizokuwepo, mkono mmoja kama ameshika ukuta, na akafika kazini kabla ya wote.

Kitu kimoja tu kilimkosesha raha.

"Mama Pini, mfumo unasema ukihama utoe taarifa. Nyumba imebomolewa. Sisi tunakaa wapi?"

"Tunakaa hapa. Wewe si umekalia kitanda?"

"Nimekalia kitanda. Kitanda kimekalia nini?"

"Usianze, Baba Pini. Ukigusa anwani, maombi yanarudi mwisho wa foleni. Tumeomba Pini hajaota meno, sasa anang'oka ya utoto."

Wote wawili walikuwa sahihi. Mfumo ulisema asiyetoa taarifa za kuhama amevunja masharti. Chini yake, kwa herufi ndogo, ukasema anayetoa taarifa hizo maombi yake yakiwa yanashughulikiwa, yataanza upya. Mama Pini aliiogopa ile kanuni ya chini. Timazi alizisoma zote mbili akaona bora aseme kweli.

Alikuwa amepata chumba cha uani, ng'ambo ya barabara, kinachowatosha wote. Jumapili moja akaketi ukingoni mwa kitanda na kikombe cha chai, akafungua akaunti yake kwenye simu, akaandika anwani ya kile chumba. Aliamini, kama wanaume wengi, kwamba akishahama yeye basi nyumba nzima imehama. Hakujua kwamba mle ndani ya mfumo kila mtu yuko peke yake, hata mtoto.

Alipobonyeza kutuma, alishuka. Alipita palipokuwa sakafu, akapita palipokuwa ghorofa ya pili na ya kwanza, akafikia kwenye lundo la mchanga, kikombe mkononi.

Pini alichungulia. "Baba, umeenda bila viatu."

Akamrushia. Timazi akavaa, akaenda palipokuwa ngazi, akainua mguu. Mguu ukarudi chini. Akajaribu na mwingine.

"Basi hamisheni na zenu!" akaita.

"Tuanze upya wote watatu? Ndiyo akili hiyo?" Mama Pini alikasirika mpaka akashona zipu ya gauni upande usiokuwa wake. Baadaye alikaa nyuma ya kabati akalia, Pini asimwone.

Wakaishi hivyo. Mchana Mama Pini alishuka kumpeleka binti shule na kupeleka nguo kwa wateja, na alikula na mumewe juu ya matofali. Jioni alipanda, kwa sababu mwombaji anayelala kwingine anahesabiwa hayupo. Timazi naye alilala kile chumba cha uani, kitanda kikubwa peke yake.

"Msishuke," alisema siku moja, anafuta saruji mikononi. "Mimi najenga. Nitawafikia."

Toka hapo alipandisha kuta kwa kasi iliyomfurahisha msimamizi. Kila jioni Mama Pini aliunga futi zake za kupimia nguo kwa pini akaziteremsha, Timazi akashika ncha ya chini, na Pini akasoma juu.

"Zimepungua, baba!"

"Mwambie mama yako apunguze na vitunguu. Harufu imeanza kunifikia."

Ndipo akaja afisa wa uhamiaji kuhakiki makazi. Alipanda bila shida, alikuwa na ruhusa. Aligusa birika kama lina moto, akahesabu miswaki, akafungua kabati akakuta koti la mwanamume.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Huyo hapo chini, anajenga."

Afisa akainama. Timazi akampungia mwiko.

"Huyu anaishi ng'ambo," alisema afisa, akitazama kishikwambi chake.

"Anaishi hapa, dada yangu. Ameanguka tu."

"Mfumo hauna kuanguka, mama."

Majibu yalikuja kwenye simu, asubuhi, Mama Pini anakata kitambaa. Yeye amepewa ukaazi wa kudumu. Pini amepewa. Alipiga vigelegele mpaka mafundi wakasimamisha kazi. Kisha akafungua la mumewe. Ombi limekataliwa, kwa kuwa mwombaji aliiacha familia na kwenda kuishi kwingine. Kibali chake cha zamani kilitegemea kaya, na kaya hana, hivyo aondoke nchini kabla ya mwisho wa mwezi.

Mama Pini alishtuka. Alikuwa amekaa hewani misimu miwili ya mvua bila kizunguzungu, lakini sasa kizunguzungu kikampata, akashika cherehani kwa mikono yote miwili. Akasoma tena. Maneno yalikuwa yaleyale, yenye heshima, na mwishoni yalimtakia siku njema. Mkasi ulimtoka ukaanguka chini kabisa, karibu na Timazi, na ndivyo alivyojua kuna jambo.

"Nimewaacha?" aliuliza aliposomewa. Uso ulimpauka kama aliyemwagiwa chokaa. "Mimi? Nimewaacha niende wapi?" Akaonyesha ukuta aliokuwa anaujenga.

Walikwenda ofisini wote watatu. Afisa ni yuleyule.

"Taarifa alizitoa yeye mwenyewe," alisema.

"Alisema ukweli," Mama Pini akajibu.

"Ndiyo. Tumeupokea."

Siku zilizobaki Timazi alijenga hata chakula akisahau. Mchana wa mwisho alisimama juu kabisa ya jukwaa la mbao, akanyoosha mikono, akaishika miguu ya Pini iliyoning'inia kitandani. Akaishika muda mrefu. Msimamizi aligeukia upande mwingine, akajifanya anahesabu nondo. Kisha Timazi akashuka, akachukua begi dogo, akaenda. Nguo zake nyingine zilikuwa juu, na Mama Pini alikataa kuzirusha. Alisema zibaki, mwenyewe atazikuta.

Wenzake walimwaga zege la ghorofa ya tatu. Lilikaa chini ya miguu ya kitanda sawasawa, hakukuwa na haja ya kunyanyua kitu. Kuta zikaja, ngazi zikaja, mlango ukaja. Mama Pini alipigilia misumari akatundika koti la mumewe.

Wiki hiyohiyo simu ikalia. Mkaazi wa kudumu anakumbushwa kuweka taarifa zake sawa, la sivyo ukaazi utafutwa, wake na wa mtoto. Lilikuwa swali moja. Je, mwenzi wako anaishi nawe katika anwani hii? Ndiyo. Hapana.

"Usijibu, mama," alisema Pini.

Mama Pini alilikwepa swali mpaka siku ya mwisho. Siku hiyo akachomeka sindano kwenye kitambaa. Akabonyeza Hapana.

Koti lilichomoka msumarini likapita kwenye zege. Wembe ukafuata, na mswaki, na viatu vya Jumapili, na mto wake wa upande wa ukutani. Pini alilala kifudifudi, sikio sakafuni, akivisikia vinavyotua chini.

Baadaye kidogo msimamizi alipanda ngazi, begani mfuko wa saruji uliojaa vitu.

"Mama Pini, vitu vya Timazi vimeanguka. Niviweke wapi?"

"Viweke tu hapo mlangoni, kaka."

Akaviweka. Vikashuka tena.